Tundu la Barua Mlangoni Mwetu

Jumamosi, 4 Juni 1983

Ameamua. Mlango unatobolewa. Mungu atusaidie.

Mwaka jana serikali ilimpeleka mume wangu Patrisi Uingereza akasomee ngano, maana yeye ndiye bwana shamba wa hapa Karatu. Alirudi Januari na koti zito, kikohozi, na mchoro wa mlango. Wa mlango — si wa ngano! Eti kule kila nyumba ina tundu mlangoni. Mtu wa posta anapita asubuhi, anasukuma barua, anakwenda zake, na barua inaanguka yenyewe kwenye zulia. Patrisi akisimulia mpaka hapo kwenye zulia macho yanamlegea kama bwana harusi.

Nikamwuliza, zulia letu liko wapi?  Na huyo mtu wa posta je? Maana hapa kwetu hakuna binadamu anayetembeza barua majumbani. Barua zetu zinalala kwenye sanduku la ofisi ya kilimo, na anayekwenda kuzichukua ni yeye mwenyewe. Akanijibu, "Mwalimu, maendeleo hayasubiri posta." Haya.

Siku hizi naitwa Mwalimu. Zamani nilikuwa Mama Antonia, lakini jina la Antonia halitajwi tena humu ndani, kwa hiyo na langu limekwenda nalo. Mwezi wa pili mwanangu alifukuzwa shule, kidato cha tatu, kwa ajili ya mimba. Akaja nyumbani — akafukuzwa mara ya pili. Baba yake alimtoa kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, majirani wamejipanga kama kwenye mechi. Mwiko wa ukoo wao: binti mwenye mimba ambaye hajatolewa mahari havuki kizingiti cha baba yake mpaka ajifungue na atakaswe. Akivuka, ng'ombe wanakufa.

Tunao ng'ombe wawili. Mmoja ana umri mkubwa kuliko ndoa yetu.

Mtu amepanda ndege, amekula nyama ya kopo, amepeana mikono na wazungu — anaogopa kizingiti! Mtoto yuko Endabash kwa mdogo wangu Cresensia. Tumbo linakua huko, mimi niko huku najadili zulia.

Jumatatu, 6 Juni

Fundi Alfonsi amekuja kupima. Kabla ya kupima amekunywa chai. Baada ya kupima amekunywa chai.

Mlango wenyewe ni wa mwerezi, tuliuchukua kwa mzungu wa Oldeani alipofunga virago. Ndicho kitu pekee cha maana katika nyumba hii, ukiniondoa mimi. Alfonsi aliupapasa, akaugonga, akaguna. "Kuutoboa huu ni dhambi, Bwana Shamba." Patrisi akamwonyesha mchoro. Tundu liwe chini, karibu na goti. Alfonsi akauliza, barua ina ukubwa gani? "Ya kawaida tu," akasema Patrisi, na akaondoka na pikipiki yake kwenda kwenye ngano.

Ya kawaida! Alfonsi hajawahi kuandikiwa barua na mtu. Barua pekee aliyoipata maishani ni bahasha kubwa ya mahakama, ile kesi yake ya mpaka wa shamba. Nilipaswa kusema kitu. Sikusema. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, na pia — nisijidanganye — nilitaka kuona.

Jumatano, 8 Juni

Nimeona!

Nimetoka shule, nakuta si tundu, ni dirisha. Bahasha kubwa ya kaki ya serikali inapita bila kukunjwa. Mkono wangu unapita mpaka juu ya kiwiko, na mimi si mwembamba. Alfonsi amesimama kando, anajifuta vumbi, amejaa fahari. "Nimeweka na nafasi ya mihuri," anasema.

Kifuniko nacho! Mchoro ulisema kibati cha shaba chenye bawaba. Bawaba utazipata wapi mwaka huu, na dukani hata chumvi inauzwa kwa kujuana? Basi kakata kipande cha tairi la trekta, kakipigilia misumari ya bati kwa juu, kinaning'inia. Patrisi aliporudi alikiinua kwa kidole. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kule ni shaba." Alfonsi akamwambia shaba inaibiwa, tairi haliibiwi. 

Baridi ya mwezi wa sita yote inaingia. Ukungu wa Ngorongoro sasa una mlango wake, haupigi hodi. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi, chumba cha uani, amejifunika shuka mbili anauliza kwa Kiiraqw nani kaacha wazi.

Jumapili, 12 Juni

Siku nne. Barua hakuna. Ajabu!

Leo baada ya misa bwana alikuwa na wageni wawili wa kamati ya kanisa, na tundu halijafanya kazi hata mara moja. Nikamwona anahangaika. Akatoka nje, akaenda kwenye pikipiki, akatoa mkobani barua aliyoichukua juzi kwenye sanduku la ofisi. Akaja mpaka mlangoni. Akainama, goti likalia. Akaisukuma barua ndani. Kisha akafungua mlango, akaingia, akainama tena, akaiokota.

"Barua imefika!"

Wageni wakapiga makofi. Mmoja akauliza imetoka wapi. Mbegu, akasema. Bohari ya mbegu. Nilikimbilia jikoni nikauma kanga. Nimeolewa na mtu huyu, na nilimpenda mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Jumanne, 14 Juni

Hodi imekufa Karatu.

Zamani mtu akifika alisimama, akaita hodi, unamwitikia karibu, anaingia, mnaonana uso. Sasa jirani yangu Paskalina anachuchumaa, anainua tairi, anaongea na magoti yangu. "Unga umekuja dukani. Unga wa yanga, ule wa njano wa msaada. Wa kupanga foleni. Haya kwaheri." Magoti yangu yanamjibu.

Jioni alikuja balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Thomasi. Nchi nzima inasaka wahujumu uchumi, na yeye hajapata hata mmoja, inamkera. Hakupiga hodi. Nilisikia tu pumzi mlangoni, nikageuka, nikaona macho mawili. "Mwalimu, naona mche wa sabuni chini ya meza." Ndiyo balozi, ni sabuni. "Mzima?" Nusu. "Hapa naona kama mzima." Ikabidi nimkatie kipande ili aone vizuri. Kakipokea kupitia tundu, kashukuru, kaondoka.

Jumamosi, 18 Juni

Watoto wa jirani wameingiza kinyonga. Sitaki kueleza. Mama mkwe alipanda juu ya meza, na huyu ni mtu aliyezalisha wanawake nusu ya Karatu, na mvua na giza havikumtisha hata siku moja.

Lakini baada ya kushuka akafanya jambo. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya tundu, akaliangalia. Akainua tairi, akashusha. Akaingiza mkono, akautoa. Kama mtu anayepima nguo. Nikamwuliza, mama, kuna nini? Akasema ana swali lake kwa mwanawe.

Wakati wa chakula akamwuliza. Hili tundu ni mlango?

Lo, bwana alifurahi! Hakuna aliyekuwa amemwuliza swali la kitaalamu tangu Januari. Akaweka kijiko chini. Akaeleza kwamba hapana, mama, mlango ni wa watu, hili ni la kupokelea tu, kule Uingereza ni vitu viwili tofauti kabisa. Mama mkwe akauliza lina kizingiti? Halina, mama! Kizingiti ni cha mlango. Tundu halina kizingiti.

"Umesema mwenyewe," akasema mama mkwe, akaendelea na makande yake.

Nimemwelewa! Nikainamia sahani nisionekane.

Ijumaa, 24 Juni

Habari zimefika Mbulu. Mkubwa wa kilimo wa wilaya atakuja Jumanne ya tarehe tano kuangalia ngano, na ameambiwa Bwana Shamba wa Karatu ana nyumba ya mfano. Basi tunapiga chokaa. Patrisi ameandika BARUA juu ya tundu kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, ili mkubwa asije akadhani ni la kuku.

Mama mkwe amemtuma mtu Endabash. Kesho ni mnada, malori yapo. Hakuniomba ruhusa. Nami sikumwuliza chochote, nimesonga ugali tu.

Jumamosi, 25 Juni

Nimemwona mwanangu!

Patrisi alikwenda mnadani mapema kuhubiria watu mbegu. Alipotokomea tu, mama mkwe akakaa kwenye kigoda chake, ndani, mlango umefungwa. Kwa nje nikasikia miguu inaburuta, na Cresensia anasema taratibu, kaa hapo kwenye gunia. Halafu tairi likainuka.

"Aama?" Ndivyo anavyomwita bibi yake.

Mkono ukaingia. Nimeujua. Kovu la mundu liko palepale. Umevimba vidole, ngozi imepauka, hakuna mafuta wala nini. Mama mkwe akaushika kwa mikono yake miwili, akautemea mate ya baraka, akaanza kuupaka samli.  Mimi nililia kama mjinga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nililia mpaka kamasi.

Nikataka kutoka nje nimkumbatie, nikatoka, nikamkumbatia. Mkubwa hivyo! Nikamwambia, baba yako hayupo, mlango wa uani uko wazi, pita ule. Akakataa. "Mama, mimi baba alinitoa hapa mbele, watu wanaona. Anirudishe hapahapa, watu wanaona." Cresensia akasema, mwaona, ndivyo alivyo miezi yote, shingo ngumu. Nikasema najua ilikotoka.

Basi tukafanya kama mama mkwe alivyopanga. Kikombe cha uji wa ulezi kikapita. Kiazi kikapita. Kisha bibi akamwambia apige magoti asogee kabisa, tumbo liguse mlango. Bibi akapitisha mkono, akapapasa, amefumba macho. Muda mrefu. "Kichwa kiko chini," akasema. "Atajifungua si siku nyingi." Miaka mingi ya uzazi, na leo anampima kitukuu chake kupitia tundu la barua.

Mwiko haukuvunjwa. Hakuna kizingiti kilichovukwa. Bwana Shamba ametoa maelezo mwenyewe.

Antonia hakurudi Endabash. Huko mvua ikinyesha gari halitoki. Paskalina kamchukua nyumbani kwake, hapo ng'ambo ya uzio, na ameapa kufunga mdomo. Paskalina! Basi siku zetu zinahesabika.

Alhamisi, 30 Juni

Zimehesabika.

Petroli imekwisha Karatu nzima, kwa hiyo Patrisi alirudi kwa miguu na hatukusikia pikipiki. Akapitia uani. Akaingia sebuleni kimyakimya. Akamkuta mama yake kwenye kigoda, na kwenye tundu lake la maendeleo kuna mkono mzima mpaka kiwiko, unapakwa samli.

Alisimama. Uso ulikuwa wa kijivu kama majivu ya jikoni. "Mama, hiki ni nini?"

"Barua," akasema mama mkwe. Hata hakugeuka. "Imetoka Endabash."

Mkono ukachomoka haraka. Tairi likapiga paa. Patrisi akasema mwiko si wa kuchezewa. Mama yake akamwambia mwiko ameukuta kwa nani, si kwake? "Mimi nimezika na kuzalisha nao, wewe umeusikia tu. Zamani mwiko ulimtoa binti kwa baba anayelia, na baba mwenyewe alimtafutia nyumba ya kujifungulia na kuni za kutosha. Wewe ulimtafutia nini? Kuni ngapi?"

Patrisi akaenda mlangoni. Alifunga mlango wa mbele kwa ufunguo, akautia mfukoni, akasema kuanzia leo wote tunapita uani. Tundu hakuligusa. Atalizibaje na mkubwa anakuja Jumanne kuliona!

Nikamwambia yangu. Sikupiga kelele. Nilimwambia Patrisi, umemwachia kila mtu tundu la kuchungulia nyumba hii, balozi, watoto, na kinyonga. Wote wameingia. Mwanangu akifa huko nje sitakuita mume tena.  Na nilimaanisha.

Jumamosi, 2 Julai

Manyunyu tangu asubuhi. Antonia kaja tena, kakaa kwenye gunia lake mlangoni, mgongo kwenye mbao. Sasa mama mkwe anakaa nje naye. Majirani wanapita polepole kuliko kawaida. Neno BARUA liko juu ya kichwa chake, jekundu, kila mtu anasoma.

Patrisi amekaa ndani, kiti kimelielekea tundu. Eti anachonga mpini wa jembe. Asubuhi ulikuwa mpini, jioni umekuwa kijiti cha kuchokonolea masikio.

Antonia akakohoa. Mara moja, halafu mara ya pili. Kisu kikasimama. Bwana akanyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na blanketi la kitanda chetu. Akaanza kulishindilia tunduni. Likakwama katikati! Anasukuma kwa mguu, jasho, nalo limeng'ang'ania kwenye misumari ya Alfonsi. Mwishowe likavutwa kwa upande wa pili, polepole, likaisha lote. Hakuna aliyesema asante wala karibu. Akakaa, akachukua kisu chake.

Usiku nimelala na kanga na koti. Sijanung'unika.

Jumapili, 3 Julai

Maji hayachemki. Kuni mbichi. Nani alizileta? Mimi.

Uchungu umemshika Antonia tangu kulipokucha. Badala ya kutulia kwa Paskalina kajikokota mpaka mlangoni petu, kakaa palepale. Nikamsihi, mwanangu, pita uani, kitanda nimetandika. Akakaza meno. "Nitaingilia hapa, mama. Au nitazalia hapa." Paskalina amekimbilia misheni kutafuta gari, wao petroli wanayo, lakini wako misani, na dereva ndiye anayepiga ngoma ya kwaya. Mama mkwe yuko naye nje. Mimi amenifukuza — eti natetemeka, namtia mtoto hofu, nenda kachemshe maji. Nimekuja. Naandika ili nisipige yowe.

Kutoka hapa jikoni namwona Patrisi sebuleni. Alivaa suti ya kanisani, hakwenda. Amezunguka meza mpaka nimesikia kizunguzungu mimi. Halafu Antonia akalia, si kwa nguvu, ile ya kuuma nguo. Mtu mzima akaanguka magoti, suti na yote, akainua tairi. Akasema kitu sikukisikia. Akapitisha mkono wa kulia nje.

Umekamatwa!

Kila uchungu ukija bwana anavutwa, shavu linagonga mwerezi. "Niachie kidogo, mama," anamwambia mwanawe. Amemwita mama! "Niachie mara moja tu, mama yangu, nakuja." Haachii. Na mama mkwe huko nje, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Shikilia hapohapo!" Siku nyingine ningecheka.

Majirani wamejaa mbele, nasikia minong'ono yao. Balozi pia, sauti yake naijua, anawaambia wasogee mtoto apate hewa.

Sasa Antonia ametulia kidogo. Patrisi amegeuza kichwa, ananitazama. Machozi yale, au jasho, sijui, na baridi yote hii. Anahema.  Mkono wa kushoto unahangaika kwenye suruali, haufiki upande wa pili.

"Ufunguo," anasema. "Mfuko wa kulia."

Hakusema fungua. Amesema tu mfuko gani.

Kalamu chini.